Mwili Hubadilika

Mtu akivuka miaka 40, macho huanza kushindwa kusoma maandishi madogo. Magoti huanza kuuma. Hayo unayatambua mwenyewe. Lakini presha hupanda kimya, bila maumivu, kisha yaweza kukupooza.

Mwaka 1973, katika kampeni ya Mtu ni Afya, wazee wetu walisikiliza redio kwa vikundi, wakachimba vyoo. Nasi leo tuna kazi yetu.

Hapa Nkwenda tunakula ndizi na maharage. Ni chakula kizuri. Tupunguze chumvi: ya mtu mmoja kwa siku isizidi kijiko kimoja cha chai. Tupunguze pombe. Tuache tumbaku. Twende tupimwe presha. Ukipewa dawa, usiiache kwa kuwa unajisikia mzima.

Swali: Kwa nini tupimwe presha hata kama hatuumwi?