Dondoo muhimu: Nahau za Kiingereza zisikuponze

Mwingereza akikuambia kazi fulani ni “a piece of cake”, usitafute sahani. Anasema ni rahisi, kama sisi tunavyosema kumsukuma mlevi. “Under the weather” ni kutojisikia vizuri, mafua au uchovu. Mgonjwa mahututi hasemwi hivyo. “Kick the bucket” ni kufa, ila ina mzaha ndani yake. Usithubutu kuiandika kwenye rambirambi. Tumia “pass away”, yenye staha kama “kuaga dunia” yetu.

Ya kuogopa hasa ni “to table”. Kikaoni Uingereza, maana yake ni kuleta hoja ijadiliwe. Marekani ni kuiahirisha. Neno moja, maana zimepeana mgongo! Mkutano ukiwa na watu wa pande zote mbili, sema waziwazi kama hoja ijadiliwe sasa au iwekwe kando.

Na ile mvua ya paka na mbwa, “raining cats and dogs”, yaani mvua kubwa, tuliyokaririshwa shuleni? Waachie waandishi wa vitabu vya kiada. Waingereza wenyewe huisema kwa nadra. “It's pouring” inatosha kabisa.