Dawa ya Kifafa na Vipele vya Hatari

Kabamazepini, inayouzwa pia kwa jina la Tegretol, humzuia mgonjwa wa kifafa asianguke. Wengi huitumia salama. Lakini kwa wachache, hasa miezi 2 ya mwanzo, huleta homa, vipele na vidonda mdomoni, kisha ngozi hubabuka kama iliyoungua. Huweza kuua.

Mwaka 2004 watafiti wa Taiwan waligundua kwa Wachina alama ya kurithi, HLA-B*1502, inayoonyesha nani yumo hatarini. Kwa Waafrika ni adimu, ila kutokuwa nayo si kinga.

Basi sisi wa Singida tuchunguze ngozi. Vipele vikitokea, mpeleke mgonjwa hospitali siku hiyohiyo, pamoja na dawa zake, kabla hajameza kidonge kingine. Asiye na dalili hizi asiache dawa. Kifafa huweza kurudi kwa nguvu.