Bibi na Wanaomjibia

SWALI: Daktari, bibi yetu ana miaka 75, naye anakaa kwa mjomba hapa Kipsing. Amekonda, ana alama nyeusi mkononi, na pesa zake za Inua Jamii, mpango wa serikali ya Kenya wa kuwasaidia wazee, huchukuliwa na binamu yangu. Kila nikimjulia hali, hujibu wengine. Ni uzee tu, au anaonewa? — Mjukuu, Kipsing

JIBU: Binti yangu, lililonishtua katika barua yako si alama ile ya mkononi, bali ni hizo sauti zinazotangulia kumjibia, kwani ngozi ya mtu mkongwe ni nyembamba, na damu huvilia chini yake kwa kujigonga kidogo tu mlangoni, ilhali ulimi wake, madhali akili ingalimo, hauhitaji wakili.

Hata hivyo, itazame alama yenyewe. Ikiwa iko mgongoni mwa kiganja au nje ya kigasha, aghalabu ni ya uzee, au ya vidonge vya kuzuia damu kuganda; ama ukiona kwenye mkono wa juu madoa manne upande huu na moja upande wa pili, aghalabu hizo ni alama za vidole vya mtu aliyemkamata kwa nguvu. Kukonda nako kwaweza kuwa kifua kikuu, kisukari, au meno yasiyotafuna tena, kwa hiyo mpeleke zahanati akapimwe, na umwombe muuguzi azungumze naye faraghani.

Wengi hudhani dhuluma ni fimbo peke yake. Kumnyima mzee chakula, kumfichia dawa, kumtusi na kula fedha zake ni dhuluma vilevile, na Shirika la Afya Duniani lakadiria kwamba katika kila watu 6 wenye miaka 60 na zaidi, mmoja hutendewa mojawapo ya hayo kwa mwaka.

Simhukumu binamu yako kabla sijamsikia. Wanaume wakishahama na mifugo kufuata malisho, anayebaki ndiye afukuaye maji mchangani, apikaye, amwinuaye bibi usiku, na uchovu huo humtoa mtu katika utu wake. Basi mgawane zamu. Lakini zile shilingi 2,000 za Inua Jamii za kila mwezi, ambazo wakati mwingine huchelewa zikaja kwa mkupuo, ni haki ya bibi, na Katiba ya Kenya, kifungu cha 57, yamhakikishia kuishi kwa heshima pasipo kudhulumiwa. Akiwa hakuridhia mchukuaji, chifu na afisa wa maendeleo ya jamii waweza kuwaelekeza namna ya kumbadilisha. Akipigwa, nendeni polisi, au mpige 1195, simu isiyolipiwa ya kuwasaidia wanaotendewa ukatili, na usiku huo asirudishwe alikotoka.

Kwanza, mpelekee maziwa, mkae kivulini wawili tu, umwulize kama hulala kwa amani. Kisha nyamaza, umngoje, hata akikawia.