Darsa la Ramadhani 25: Fitri ifike mapema, na ifike kimya kimya



Baba zangu, mama zangu na vijana wetu, alhamdulillah leo tumefunga siku ya 25. Zimebaki siku nne, au tano kama mwezi hautaonekana. Pale sokoni Mwanga viatu na nguo za watoto vimeshatandazwa, na kila nyumba yenye uwezo inapiga hesabu ya pilau. Leo tupige hesabu nyingine: ya jirani ambaye mpaka sasa hajui Idi atapika nini.

*Jirani huyo ni nani?*

Sisi watu wa ziwa tunamjua, tukitulia tukafikiri. Dagaa wetu wanavuliwa kwa taa, na taa inataka giza. Mbalamwezi ikijaa, dagaa hawakusanyiki kwenye taa na mitumbwi inapumzika. Sasa angalia kalenda yetu ya Kiislamu: Ramadhani ikifika katikati, ndipo mbalamwezi imejaa. Maana yake mvuvi, mbeba mizigo wa Kibirizi na mama anayeanika dagaa Katonga kwa ujira wa siku, wote hao wamekaa siku kadhaa bila kipato ndani ya mwezi wenyewe wa futari.

Kumi la mwisho giza limerudi na mitumbwi imeingia majini. Lakini pesa ya kwanza haiendi kwenye nguo ya mtoto. Inakwenda dukani kulipa deni la unga na sukari. Na mvua ikiwakuta dagaa bado mchangani, hata hiyo pesa ya deni haipo.

Mnakumbuka mwaka 2024, Serikali ilipofunga uvuvi ziwani kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti ili samaki wazaliane. Idi ya kuchinja iliangukia ndani ya miezi hiyo mitatu. Wakati ule kila mtu aliona kuwa ziwa likinyamaza, jiko nalo linanyamaza. Basi mbalamwezi inafanya hivyo kila mwezi, kidogo kidogo, na sisi hatuoni.

Hatuoni kwa sababu mtu huyu haombi. Atakuja tarawehe na kanzu yake safi, atakusalimia, ataondoka zake. Katika Surat al-Baqara aya ya 273, Mwenyezi Mungu ametueleza habari za mafukara wa namna hii, ambao asiyewajua huwadhania kuwa wanajiweza kwa sababu wanajizuia kuomba. Kwa hiyo kazi ya kumtafuta ni yetu. Si kazi yake kujitangaza.

*Fitri ni kiasi gani?*

Ibn Umar, radhi za Allah ziwe juu yake, amepokea, na hadithi yake imo kwa Bukhari na Muslim, kwamba Mtume (s.a.w.) ameifaradhisha zakatul-fitri kwa Waislamu, mkubwa na mdogo, mwanamume na mwanamke, na akaamrisha itolewe kabla watu hawajatoka kwenda kuswali Idi. Kiasi chake ni swaa moja, ambayo wazee wetu wakiiita pishi, yaani vibaba vinne. Kwa mizani ya dukani wanazuoni wanakadiria kama kilo 2.5 hadi 3 za mchele. Inatolewa katika chakula kinacholiwa na watu wa mji. Kwetu hapa mchele unafaa, mahindi yanafaa.

Wewe mwenye nyumba unajitolea mwenyewe na wale walio chini yako. Nyumba ya watu saba, kwa kilo 3 kila mmoja, ni kilo 21. Nyumba 50 kama hiyo ni kilo 1,050, zaidi ya tani moja, na hapo ni mtaa mmoja tu wa Ujiji. Haba na haba hujaza kibaba, na vibaba vinne ndiyo pishi.

Wanaouliza kuhusu pesa: Imam Shafii na wanazuoni wengi wameshikilia chakula, Imam Abu Hanifa amejuzisha kutoa thamani yake. Ukiipa kamati pesa, iwakilishe ikununulie mchele kwa niaba yako. Ila ilete mapema, maana bei ya mchele haimngoji mtu.

*Kwa nini mapema?*

Ibn Abbas, radhi za Allah ziwe juu yake, amepokea kama ilivyo kwa Abu Daud, kuwa fitri ina makusudio mawili: kumsafisha aliyefunga na maneno ya upuuzi, na kuwa chakula kwa maskini. Ikitoka kabla ya swala, ni zaka yenye kukubaliwa. Ikitoka baada ya swala, inahesabiwa kuwa ni sadaka kama sadaka nyingine. Na imepokewa kwa Bukhari kwamba maswahaba walikuwa wakiitoa siku moja au mbili kabla ya Idi.

Ingia jikoni kwa huyo mama uone hekima yake. Mahindi yakimfikia asubuhi ya Idi, mashine ya kusaga imefungwa. Mchele ukimfikia saa moja asubuhi, hana mkaa, hana mafuta, na watoto wameshaanza kunusa pilau ya jirani. Akiupata siku mbili kabla, anasaga, anaazima sufuria, anajipanga. Anaamka siku ya Idi kama wewe.

Ni kweli, ubora wa fitri kwa anayempa maskini mkono kwa mkono ni asubuhi ya Idi kabla ya swala. Lakini katika madhehebu yetu ya Shafii inajuzu tangu Ramadhani inapoanza. Anayeipitisha kwa kamati asingoje usiku wa mwandamo.

Na tukumbuke, pishi ya mchele inashibisha, lakini sikukuu ni zaidi ya kushiba. Mafuta, kitoweo, shati la mtoto, hivyo si fitri, hivyo ni sadaka. Ukiweza, ambatanisha. Hata migebuka miwili juu ya ule mchele inabadilisha sinia. Na jirani yako asiye Muislamu usimruke. Sahani ya Idi ni haki ya ujirani.

*Kuhusu picha*

Vijana wameniuliza: "Shehe, mfadhili yuko Dar es Salaam, mwingine yuko Maskati, wanataka ushahidi. Tusipige picha?"

Jibu langu: ushahidi ni haki yao, sura ya maskini si haki yao. Piga picha magunia, piga picha risiti ya duka, katibu aandike idadi ya nyumba na kilo zilizotoka, na orodha ya majina ibaki kwake. Lakini usimsimamishe mama wa watu na mfuko wa mchele mkononi, kesho mwanawe aende shule wenzake wakiwa na ile picha kwenye simu. Katika sura hiyo hiyo, aya ya 264, tumekatazwa kuziharibu sadaka zetu kwa masimbulizi na udhia. Na aya ya 271 inatufundisha kuwa kuwapa mafukara kwa siri ni bora zaidi kwetu. Peleka baada ya tarawehe, watu wakishatawanyika. Bisha hodi, toa salamu, weka, ondoka.

*Anayepokea naye hutoa*

Jambo la mwisho, na hili wengi hawalijui. Katika madhehebu yetu, fitri haimlazimu tajiri peke yake. Ikifika magharibi ya kuamkia Idi, yeyote mwenye ziada ya chakula chake na cha walio chini yake kwa usiku ule na siku ile ya Idi, naye inamlazimu kutoa. Kwa hiyo yule mama aliyeletewa mchele na nyumba nne, akaona umezidi mahitaji yake, naye anapima pishi yake anampelekea mwingine. Mwaka mzima ni wa kupewa. Usiku huo naye ni mtoaji. Furaha hiyo haiuzwi dukani, na hataipata ukimpelekea kilo moja ya kumwondoa mlangoni, au ukimpelekea adhuhuri swala imeshapita.

Basi kazi ya leo ni hii: kabla ya futari, taja moyoni nyumba mbili katika mtaa wako ambazo hazijaomba. Kamnong'oneze katibu, au nenda mwenyewe. Jioni ya siku ya 29 tutasimama ufukweni kutazama mwezi upande wa milima ya Kongo. Tujitahidi utakapoandama, pasiwe na nyumba Ujiji ambayo bado inaungoja mchele.

Ya Allah, takabali funga zetu, wape wavuvi wetu riziki na salama majini, na uingize furaha ya Idi katika kila nyumba. Amin.

Mfikishie na mwenzako. Kesho inshallah tutaendelea na adabu za siku ya Idi.