Nani Alimhitaji Babu Yako? Kutafuta Ukoo Tabora Pale Sensa Inapoishia

Anayefungua vitabu vya sensa ya Tanganyika kumtafuta babu yake atakuta hesabu, babu hatamkuta. Mwaka 1921 na 1931 Waafrika walihesabiwa kwa jumla, kupitia machifu na wasaidizi wao. Sensa za 1948 na 1957 zilifanywa kwa utaratibu bora zaidi, lakini kilichochapishwa ni idadi ya watu kwa wilaya na kwa kabila. Ya 1967, ya kwanza baada ya uhuru, ndiyo iliyokuwa ya mwisho kuuliza kabila. Na mwaka 2022, tulipohesabiwa tukawa 61,741,120, sheria ya takwimu ililinda siri ya kila kaya, na ni haki iwe hivyo.

Usikate tamaa. Majina ya wazee wetu yaliandikwa, ila yameandikwa kwingine. Zamani jina la mtu wa kawaida liliingia kitabuni pale tu mwenye kitabu alipokuwa na haja naye. Mtoza kodi alitaka fedha yake, mwenye msafara alitaka bega lake, shamba la mkonge lilitaka mikono yake, padri alitaka abatizwe, hakimu alitaka ushahidi wake. Kwa hiyo swali la kuanzia ni hili: nani alimhitaji babu yako, na alimhitaji kwa kazi gani? Ukilijibu, utajua ubishe hodi mlango upi.

1. Anza na walio hai

Kabla ya kupanda basi kwenda kwenye nyaraka, kaa na mzee wa ukoo wako. Muulize mambo yenye mahali na watu: babu alizikwa wapi, nani alirithi shamba lake, mtemi (chifu) au mwanangwa (msaidizi wa mtemi) wa eneo lao alikuwa nani, alipita njia gani kwenda pwani, alirudi na nini. Omba ruhusa ya kurekodi kwa simu, kisha andika siku hiyohiyo kabla hujasahau.

Sikiliza majina kwa makini, maana jina la Kinyamwezi mara nyingi ni taarifa. Kulwa na Doto ni mapacha. Shija ni aliyewafuata. Mabula ni jina la mvua. Ukikuta Shija kwenye orodha ya ukoo bila Kulwa wala Doto, uliza: huenda pacha walifariki wakiwa wachanga na hakuna aliyewataja tena.

Usifuate upande wa baba peke yake. Kwa desturi ya Wanyamwezi, mtoto ambaye mahari ya mama yake haikutolewa alihesabiwa upande wa wajomba. Ukiona nasaba imekatika ghafla kwa mwanamume, rudi ujombani.

Wala usiwasahau watani. Utani wa Wanyamwezi na Wazaramo ulikuzwa na safari za misafara, na mtani anayefika msibani kutania hujua mengi ya familia ambayo wenyewe wameyasahau.

2. Geuza matukio kuwa miaka

Wazee wetu hawakusema "mwaka 1912". Walisema "treni ilipofika". Tengeneza kalenda yako ndogo kabla ya mahojiano. Kwa Tabora na njia ya misafara, vigingi hivi vinasaidia:

- 1884: kifo cha Mtemi Mirambo wa Urambo.
- Mwanzo wa miaka ya 1890: sotoka inaua ng'ombe.
- Januari 1893: Wajerumani wanaiteka boma ya Mtemi Isike wa Unyanyembe, naye anajilipua kwa baruti kuliko kukamatwa.
- 1912: reli kutoka Dar es Salaam inafika Tabora, 1914 inafika Kigoma.
- Septemba 1916: Wabelgiji wanaingia Tabora.
- 1918: homa kubwa ya mafua.
- Mwisho wa miaka ya 1940: mradi wa karanga Urambo.
- Januari 1958: mkutano wa TANU Tabora, maarufu kwa Uamuzi wa Busara.
- Miaka ya 1973 hadi 1976: Operesheni Vijiji.

Tuchukue mfano. Bibi anasema mama yake alikuwa msichana wa kutumwa maji treni ilipofika. Msichana wa kutumwa maji ana miaka kati ya saba na kumi. Basi alizaliwa kati ya 1902 na 1905. Huo sasa ni muda unaoweza kuutafuta kitabuni. Andika hivyo, "kati ya 1902 na 1905", wala usichague mwaka mmoja kwa kukisia.

Kigingi cha mwisho kina onyo lake. Kijiji mnachokiita nyumbani leo huenda kilianzishwa na Operesheni, na kabla yake, katika miaka ya 1920 na 1930, watu wengi wa magharibi walihamishwa kukusanywa pamoja kwa sababu ya malale. Uliza kila mara: "Na kabla ya hapa, tulikuwa wapi?"

3. Gonga mlango wa aliyemhitaji

*Kama alibatizwa.* Hapa ndipo penye hazina kubwa kuliko zote. Mapadri Weupe walifika Unyanyembe mwishoni mwa miaka ya 1870, na misheni ya Ushirombo ilianza 1891. Wamoravian walishika kazi ya Urambo mwaka 1898. Kitabu cha ubatizo hutaja mtoto, wazazi, tarehe, na baba au mama wa ubatizo. Soma pia pembeni mwa ukurasa: kwa utaratibu wa Kanisa Katoliki, ndoa ya mtu huandikwa kwenye kitabu cha parokia alikobatizwa, hata kama aliolewa mbali. Mstari mmoja wa pembeni unaweza kukuonyesha shangazi aliyepotelea Dodoma. Vitabu vingi vya zamani ni vya Kilatini, kwa hiyo shika maneno machache: *natus* au *nata* ni aliyezaliwa, *filius* ni mwana, *filia* ni binti, *patrinus* ni baba wa ubatizo. Mwendee paroko kwa heshima, eleza shabaha yako, na uombe karani akusomee ukurasa unaohusika.

*Kama alikuwa Mwislamu.* Uliza kama familia ina karatasi za ndoa, mirathi, deni au wakfu. Nyingi za zamani ziliandikwa kwa herufi za Kiarabu, pengine kwa maneno ya Kiswahili, na mwalimu wa madrasa anaweza kuzisoma. Tarehe itakuwa ya Hijria. Zidisha mwaka huo kwa 0.97, kisha jumlisha 622: mwaka 1330 unakuwa takriban 1912. Kwa koo za wafanyabiashara, kumbuka kwamba Hamed bin Muhammed, yaani Tippu Tip, alisimulia maisha yake kwa Kiswahili, na humo ametaja ndoa ya baba yake katika ukoo wa watemi wa Unyanyembe.

*Kama alikuwa mpagazi.* Wanyamwezi walibeba mizigo kati ya Bagamoyo, Tabora na Ujiji, na wengi hawakurudi. Mwaka 1873 wapagazi wa msafiri Livingstone, aliyefariki safarini, wakiongozwa na Susi na Chuma, walipita Kwihara, karibu na Tabora, na mwili wake wakielekea pwani. Baadaye Jumuiya ya Kifalme ya Jiografia ya London ilitoa medali kwa wapagazi wa safari ile, jina la kila mmoja likichorwa ukingoni. Ukoo wenye simulizi ya "babu aliyekwenda na Wazungu" utafute pia Bagamoyo, na Zanzibar kwenye Nyaraka za Taifa za kule.

*Kama alikwenda mkonge.* Manamba waliitwa hivyo kwa sababu ya namba walizopewa. Kuanzia 1944 ofisi ya wenye mashamba, SILABU, iliwasajili watu wa magharibi na kuwasafirisha kwenda kwenye mashamba kama ya Tanga na Morogoro. Hapa ndipo sensa inaporudi kukufaa: jedwali la makabila kwa wilaya, la 1948, 1957 au 1967, litakuonyesha Wanyamwezi walikuwa wengi wapi nje ya Unyamwezi. Jina haliko, lakini njia ya kulifuata ipo.

*Kama alilipa kodi.* Kodi ya kibanda ilianza zama za Wajerumani na kuendelea chini ya Waingereza. Fungua masanduku na vibuyu vya bibi: risiti ya kodi iliyokunjwa ina jina, mwaka, na mara nyingi jina la mtemi. Kisha nenda kwenye Nyaraka za Taifa Dar es Salaam, ukaulize vitabu vya wilaya vya zama za Waingereza. Vina historia za watemi na nasaba zao. Uliza kwanza masharti ya kuingia, na uende na orodha fupi: jina, mahali, muda.

4. Tafuta jina kwa sura zake zote

Mjerumani aliandika alivyosikia, kwa herufi za kwao. Shija akawa Schidja. Unyanyembe ikawa Unjanjembe. Ujiji ikawa Udjidji. Sauti ya l na r nazo zinabadilishana, kama Mirambo na Milambo. Andika sura tano za jina kabla hujaanza, na usiseme "hayupo" kabla ya kuzipitia zote.

5. Ukifika kwenye utumwa

Tabora ilikuwa soko na makazi ya watu walioletwa kutoka Manyema na kwingineko, na koo nyingi za leo zina damu hiyo. Kwa amri ya Wajerumani, watoto waliozaliwa na watumwa kuanzia mwaka 1906 walikuwa huru. Sheria ya Waingereza ya 1922 ikakomesha utumwa wenyewe. Wajerumani walitoa pia hati za uhuru, na hati kama hiyo ikipatikana inaweza kuwa karatasi pekee yenye jina la bibi mkuu wako. Ukigundua jambo hili, wajulishe wazee kwanza, faragha. Usilitangaze harusini wala kwenye kundi la simu. Aibu, kama ipo, ni ya aliyeuza mtu.

6. Andika, na useme umelipata wapi

Kila jina lifuatane na chanzo: "Bibi alisema", "kitabu cha ubatizo", "risiti ya kodi". Tenganisha unachojua na unachodhani. Toa nakala, uwape ndugu wawili wanaoishi mikoa tofauti, maana moto na mchwa havichagui.

Ukimaliza, tazama vitabu vyote ulivyopitia. Kila aliyeandika jina la babu yako alikuwa anamtaka kitu: rupia, bega, jembe, au kiapo. Daftari lako wewe halimdai chochote. Linataka kumjua tu, na huenda ndilo la kwanza kumwandika hivyo.