JINSI KOMPYUTA NDOGO INAVYOFUNGUA PARASHUTI YA ROKETI

Na Mwanafunzi wa Kidato cha Sita

Watu wengi wakisikia habari za roketi hudhani kwamba kazi ngumu ni kuipandisha. Kupanda kuna ugumu wake, lakini kushuka ndiko kunakotaka akili zaidi. Kilichorushwa juu hakina budi kurudi, na hapa Kyebando, ambapo mabati ya nyumba moja yanakaribia kugusa mabati ya nyumba ya pili, kila mtu aweza kufahamu hatari ya bomba zito kuanguka kutoka angani. Basi nataka kuwaeleza wenzangu, na kaka zetu waliotutangulia katika shule hii, jinsi roketi ndogo ya wanafunzi inavyorudishwa chini salama.

Tuanze na hesabu. Tuseme roketi ya kilo 1 imemaliza moto wake ingali karibu na ardhi, nayo yaenda juu kwa mwendo wa meta 50 kwa sekunde. Tukiacha upinzani wa hewa, mvuto wa dunia huipunguzia mwendo wake kwa karibu meta 10 katika kila sekunde. Kwa hiyo itapanda kwa sekunde 5, na kufika meta 125. Hapo kileleni husimama kitambo kidogo sana, kisha huanza kuanguka. Ikiwa haina parashuti itafika chini kwa mwendo ule ule wa meta 50 kwa sekunde, yaani kilometa 180 kwa saa. Yenye parashuti nzuri hushuka kwa meta 5 tu kwa sekunde. Mwendo umepungua mara 10, lakini nishati ya kugonga imepungua mara 100, maana nishati hufuata mwendo uliozidishwa kwa mwendo wenyewe.

Sasa, parashuti ifunguliwe lini? Mahali pake ni kileleni, roketi inapokaribia kusimama. Ikifunguka sekunde 3 mapema, au sekunde 3 baadaye, itakuta mwendo wa meta 30 kwa sekunde, na hewa yaweza kupasua kitambaa au kukata kamba.

Roketi nyingi za kuchezea hutumia dawa iunguayo polepole baada ya moto mkubwa kwisha. Baada ya sekunde kadhaa hufyatua parashuti. Njia hii ni rahisi, lakini dawa hiyo haina macho. Roketi ikiwa nzito kuliko ilivyokadiriwa, au upepo ukiilaza upande, kilele huja mapema, na dawa haijui. Ndiyo sababu watu wakatafuta kitu kinachoweza kutambua kilele chenyewe.

Kitu hicho ni kompyuta ndogo yenye barometa. Barometa ya siku hizi, kama ile iitwayo BMP280, ni ndogo kuliko ukucha wa kidole. Hupima mgandamizo wa hewa, ambao hupungua kila tupandapo. Pwani ya bahari mgandamizo ni karibu hektopaskali 1,013. Hapa Kampala, karibu meta 1,200 juu ya bahari, ni kama 880 tu. Kwa kuwa hewa yetu ni nyepesi zaidi, hektopaskali moja hapa ni sawa na kupanda karibu meta 10, na Mombasa ni kama meta 8 na nusu. Kompyuta hupima hewa kabla ya kuruka na kuita mahali hapo sifuri. Kisha hufanya kazi kwa hatua hizi:

Kwanza, hungoja. Mpaka urefu uzidi kiasi fulani, tuseme meta 30, tena kwa haraka, haina ruhusa ya kufungua kitu.

Pili, hupima mara nyingi katika kila sekunde na kukumbuka urefu mkubwa kuliko wote.

Tatu, urefu ukipungua katika vipimo kadhaa vinavyofuatana, huamua kwamba kilele kimepita, na kupeleka umeme kwenye kifyatuzi cha parashuti. Kipimo kimoja hakitoshi, maana upepo waweza kuidanganya barometa.

Nne, kama roketi yaenda juu sana, hufungua parashuti ndogo kileleni na kubwa karibu na ardhi. Tuseme upepo ni wa meta 5 kwa sekunde. Roketi ishukayo kutoka meta 300 kwa parashuti kubwa peke yake hukaa angani sekunde 60, na kupelekwa mbali meta 300. Ikishuka meta 200 za kwanza kwa meta 20 kwa sekunde, na 100 za mwisho kwa meta 5, jumla ni sekunde 30, na umbali hupungua kuwa meta 150.

Chumba cha barometa kiwe na matundu madogo ubavuni ili hewa ya ndani ilingane na ya nje. Tena pawe na swichi, isiwashwe mpaka roketi isimame tayari mahali pa kurukia, na watu wawe wamekwisha kuondoka karibu nayo.

Jaribio lifuatalo laweza kufanywa mezani. Sisi wa chama cha sayansi tulitumia chupa ya lita 1 yenye kifuniko cha kukaza, na bomba la sindano la mililita 60. Kompyuta na betri yake huwekwa ndani, na mahali pa kifyatuzi hufungwa taa ndogo. Mpira wa sindano hupitishwa katika kifuniko na kuzibwa kwa gundi. Ukivuta bomba lote, mgandamizo hushuka kutoka 880 hadi karibu 830. Kompyuta huamini kwamba imepanda meta 500, nayo haijaondoka mezani! Ukirudisha hewa polepole, taa yapasa kuwaka. Ikiwaka wakati wa kuvuta, au isipowaka kabisa, kompyuta hiyo haifai kurushwa.

Msidhani jaribio kama hili ni mchezo wa watoto. Tarehe 8 Septemba 2004 chombo cha Marekani kiitwacho Genesis kilirudi duniani kikiwa na chembe zilizotoka katika Jua. Vihisi vilivyopaswa kutambua kwamba kimeingia katika hewa vilikuwa vimewekwa juu chini. Parashuti haikufunguka, na chombo kikajipigiza katika jangwa la Utah kwa zaidi ya kilometa 300 kwa saa. Wachunguzi waliona kwamba jaribio moja ambalo lingefichua kosa hilo lilikuwa limeachwa.

Jirani zetu wa Kenya wamekwisha kuanza. Huko Juja, wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Jomo Kenyatta cha Kilimo na Teknolojia hutengeneza roketi katika mradi uitwao Nakuja, pamoja na kompyuta na parashuti zake.

Sisi hatujarusha roketi hapa Kyebando, wala hatutarusha, kwa ajili ya nyumba na watu. Tunachohitaji ni uwanja mpana mbali na makao, mtu mzima mwenye ujuzi wa vifyatuzi, na ruhusa ya wakuu wa usafiri wa anga. Kaka zetu mliomaliza hapa, ambao sasa ni wahandisi au mna mashamba ya malisho huko nje, tunaomba shauri lenu. Chupa yetu iko katika maabara, na kila aliye na shaka aje avute bomba aone taa.