SOMO: KUPELEKA HABARI YA WAFANYAKAZI KWA MWANDISHI WA GAZETI



Wengi wetu tuna watoto walioajiriwa Nairobi. Wakikatwa pesa za NSSF na zisifike, au wakiumia kazini bila fidia, mzigo unarudi kijijini, na ni mfuko wa kikundi unaotoboka. Gazeti laweza kusaidia, ila mwandishi hawezi kuandika malalamiko matupu.

Tukumbuke ukumbi wa Kaloleni, Nairobi. Hapo, tarehe 23 Aprili 1950, Makhan Singh, kiongozi wa vyama vya wafanyakazi, alitoa hoja ya uhuru kamili. Mwezi uliofuata alikamatwa. Kusema hadharani kuna nguvu, na pia kuna gharama. Kwa hivyo tujiandae hivi:

1. Chagueni jambo moja. Msiseme, "Wafanyakazi wanateseka." Semeni, "Kijana wetu amekatwa NSSF miezi 14, lakini taarifa yake inaonyesha miezi 3 tu." Ulizeni pia kama wenzake wana shida hiyo.

2. Kusanyeni karatasi: barua ya kazi, karatasi za mshahara, taarifa ya NSSF. Pelekeni nakala, mbaki na zenyewe.

3. Jueni haki. Sheria ya Ajira ya 2007 inampa mama likizo ya uzazi ya miezi 3 kwa mshahara kamili. Tangu Oktoba 2024 makato ya afya hayaendi tena NHIF, yanaenda SHA.

4. Ombeni ruhusa ya mwenyewe. Yeye ndiye anaweza kufutwa, si sisi. Kama anaogopa jina lake litajwe, mwambieni mwandishi mapema, kabla ya mazungumzo.

5. Tafuteni mwandishi wa mambo ya kazi, si wa siasa. Mpeni ujumbe mfupi: nani, nini, lini, wapi, na nani yuko tayari kuongea. Atamuuliza mwajiri pia. Hiyo ni haki. Msimpe pesa.

Lakini gazeti si korti. Nendeni pia ofisi ya kazi au chama cha wafanyakazi. Aliyeumia kazini ana miezi 12 tu ya kuleta dai, asingoje gazeti.

Mjadala wa kikundi (someni kwanza Yakobo 5:4):
- Ni nani kati ya watu wetu ameangalia taarifa yake ya NSSF mwaka huu?
- Akifutwa kwa kusema ukweli, sisi tutamshikaje mkono?